Kompyuta ya nyumbani haihitaji antivairasi ya kulipia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nichangie makala iliyotoka hivi karibuni katika ukurasa wa teknolojia wa gazeti lako. Makala hiyo iliwashauri wazazi wanaowanunulia watoto wao kompyuta wanunue pia antivairasi ya kulipia, kwa hoja kwamba kompyuta isiyo na antivairasi ya dukani haina kinga yoyote. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Morogoro, antivairasi za kulipia ninaziuza, na faida yake si mbaya. Hata hivyo mteja mwenye kompyuta moja au mbili za nyumbani akiniuliza kama ni lazima anunue, ninamjibu kwamba si lazima, mradi Windows aliyonayo ni halali, inasasishwa, na kinga iliyokuja nayo haijazimwa na mtu. Makala ile haikuyagusa masharti hayo matatu, ilhali hapa kwetu ndiyo yanayovunjwa kila siku.

Hoja ya kwamba kompyuta haina kinga ilikuwa na ukweli wake zamani. Enzi za Windows XP, Windows ilikuja bila antivairasi yake yenyewe, na ukichomeka flashi tu, mashine iliendesha yenyewe chochote ilichoamriwa na faili dogo lililofichwa humo. Kirusi kilichoitwa Conficker, kilichoibuka mwishoni mwa 2008, kilitumia njia hiyo pamoja na nyingine kuenea dunia nzima, na ni katika miaka hiyo ambapo wengi wetu tulizoea kuona antivairasi ya kwenye boksi kuwa sehemu ya bei ya kompyuta. Baadaye Microsoft, watengenezaji wa Windows, ilizima tabia hiyo ya flashi kujiendesha, kwanza katika Windows 7 ya 2009, kisha Februari 2011 kwa sasisho lililopelekwa kwenye XP na Vista. Na kuanzia Windows 8 ya 2012, antivairasi imekuwa sehemu ya Windows yenyewe. Leo inaitwa Microsoft Defender, haidai ada yoyote, na orodha yake ya virusi husasishwa mara kadhaa kwa siku.

Wapo wanaosema kwamba cha bure hakiwezi kuwa kizuri, na kuna wakati walikuwa na haki ya kusema hivyo. Mwishoni mwa 2012 taasisi ya AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, ambayo kazi yake ni kupima antivairasi, iliinyima cheti programu ya bure ya Microsoft ya wakati huo, Security Essentials, kwa kuwa haikufikia kiwango. Taasisi hiyo hutoa alama 6 kwa uwezo wa kukinga, 6 kwa kutoifanya kompyuta iwe nzito na 6 kwa kutomsumbua mtumiaji kwa tahadhari za uongo, jumla 18, na kwa miaka kadhaa sasa Defender imekuwa ikipata alama zote au karibu zote, sambamba na bidhaa ambazo watu wanazilipia kila mwaka. Anayeuza kwa kudai kwamba Defender ni pambo tu anazungumzia programu ya zaidi ya miaka kumi iliyopita.

Kuna udhaifu mmoja ambao sitaki kuuficha, kwa sababu unatugusa sisi kuliko unavyowagusa watu wa Ulaya. Taasisi nyingine ya upimaji, AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, huzipima antivairasi zikiwa na intaneti na zikiwa hazina, na katika majaribio hayo Defender hushuka inapokosa intaneti, kwa kuwa sehemu ya uamuzi wake huifanya kwa kuuliza seva za Microsoft. Katika nyumba ambayo intaneti haikatiki, upungufu huo hauonekani. Lakini familia nyingi hapa kwetu huiunganisha kompyuta na intaneti pale tu mzazi anaporudi na simu yake jioni, tena bando likiwa limebaki, na mchana kutwa watoto wanabadilishana flashi za muziki, filamu na kazi za shule. Kwa familia ya namna hiyo ningeshauri utaratibu wa kuunganisha intaneti kwanza, kuiacha Defender ijisasishe, ndipo flashi ngeni ichomekwe. Ambaye bado ana wasiwasi anaweza kusakinisha Bitdefender ya bure kutoka Romania, ambayo hutegemea injini ile ile ya kukagua virusi iliyomo katika toleo lake la kulipia, na bado hajatoa hata shilingi.

Kwa kuwa nimeitaja flashi, niseme kinachotokea hasa, maana ndicho chanzo cha kesi nyingi zinazofika mezani kwangu. Kijana anapeleka flashi steshenari kuchapisha barua ya kuomba kazi, katika kompyuta ambayo tangu asubuhi imechomekwa flashi za watu wote wa mtaa. Akirudi nyumbani anaifungua flashi na kukuta mafaili yake yamegeuka njia za mkato, kila moja ikiwa na mshale mdogo pembeni ya picha yake, na ukubwa usiozidi kilobaiti chache. Mafaili yenyewe hayajapotea; kirusi kimeyaficha na kuweka mahali pake njia za mkato ambazo ukizibofya zinaendesha kirusi kwanza, kisha zinakufungulia faili lako ili usishtuke. Njia salama ni kutobofya chochote, kuibofya flashi yenyewe kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuagiza ikaguliwe na Defender, halafu kuamuru Windows ionyeshe mafaili yaliyofichwa. Aliyezoea kutazama ule mshale na ule ukubwa kabla ya kubofya hataambukizwa kirahisi na virusi vya namna hii, hata kama hana antivairasi ya dukani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo baadhi ya mafundi wenzangu hawatapenda niliandike gazetini. Kompyuta nyingi za majumbani mwetu zimetumika nje, zikaletwa kwa makontena, na zikifika hapa hupigwa Windows upya na fundi. Windows anayoiweka mara nyingi haina leseni, kwa hiyo inabidi aiongezee programu ya kuiamsha kwa hila, na Defender, ikifanya kazi yake sawasawa, huitambua programu hiyo kuwa hatari na kuifuta. Fundi anafanya nini? Anaizima Defender, au anaingia katika orodha ya vitu vilivyosamehewa kukaguliwa na kuliingiza humo folda zima, na nimewahi kuona mashine ambayo diski C yote ilikuwa imesamehewa. Mteja anakabidhiwa kompyuta inayowaka vizuri, hajui siri hiyo, na baada ya muda mfupi anarudi akilalamika kwamba imejaa virusi. Hapo anauziwa antivairasi ya kulipia. Kinga aliyokuwa nayo bure imeondolewa, kisha anauziwa nyingine kuziba pengo lile lile, na kwa bahati mbaya hata hiyo mpya mara nyingi huambiwa iisamehe ile programu ya hila.

Hatari yake si ya kufikirika. Kuna jamii ya virusi vya kuteka mafaili inayojulikana kama STOP au Djvu, ambayo imewaumiza zaidi watu wa majumbani kuliko makampuni, na njia yake kuu ya kuingia ni programu zilizovunjwa leseni pamoja na vifaa vya kutengenezea namba za leseni. Kikishaingia, kirusi hicho hufunga picha, nyaraka na video zote kwa ufunguo ambao mwenye kompyuta hana, huongeza herufi za ajabu mwishoni mwa kila jina la faili, na huacha ujumbe katika faili linaloitwa _readme.txt unaodai dola 980 za Marekani, au nusu yake, dola 490, ukilipa ndani ya saa 72. Kampuni ya Emsisoft ilitoa mwaka 2019 programu ya bure ya kufungua mafaili ya baadhi ya waathirika, hususan wa matoleo ya zamani, lakini wengine mafaili yao hayafunguki hadi leo. Na mara nyingi maelekezo yanayokuja na programu hizo zilizovunjwa humwambia mtumiaji, kwa maneno ya wazi kabisa, azime antivairasi yake kwanza. Antivairasi ghali kuliko zote haina la kufanya kwa mtu aliyeizima kwa mkono wake.

Linalosikitisha zaidi ni kwamba hila hiyo mara nyingi haikuwa na ulazima. Kompyuta mpakato nyingi zilizouzwa mpya zikiwa na Windows 10 zina leseni iliyohifadhiwa ndani ya bodi yake kuu, kwa hiyo ukifuta diski na kuweka upya Windows ya toleo lile lile, iliyopakuliwa bure kutoka tovuti ya Microsoft, leseni hujitambua yenyewe pindi mashine inapopata intaneti. Tatizo ni kwamba fundi amezoea kuweka toleo la Pro kwa kila mteja kwa sababu ndilo lililomo kwenye flashi yake, wakati mashine ilikuja na leseni ya Home. Matoleo yakishapishana, leseni haikubali, na ile programu ya hila inatafutwa. Mzazi anayepeleka kompyuta kwa fundi ana haki ya kumwomba aangalie kwanza mashine ilikuja na toleo gani.

Sharti la masasisho nalo lina kikwazo chake, nacho ni bando. Kompyuta inapopata intaneti kupitia simu, Windows mara nyingi huihesabu kuwa intaneti ya kupimwa, yaani inayolipiwa kwa kiasi kinachotumika, na kuahirisha kupakua masasisho makubwa, na wapo pia wanaoyazima kabisa baada ya kuliwa bando la wiki kwa usiku mmoja. Ninawaelewa. Lakini mwaka 2017 unatoa fundisho ambalo ni vigumu kulikwepa: Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu fulani la Windows tarehe 14 Machi, na tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, kirusi cha WannaCry kilipita katika tundu hilo hilo na kuvamia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, zikiwemo za hospitali za umma nchini Uingereza. Kilichowapata wengi wao ni kuchelewa kusasisha. Fedha ambayo mtu angelipia antivairasi kwa mwaka, ningependa aitenge kwa bando la kusasisha kompyuta walau mara moja kwa mwezi, baada ya Jumanne ya pili, siku ambayo Microsoft hutoa masasisho yake ya usalama.

Hapo linaingia suala la Windows 10, ambayo kwa kawaida yake iliacha kupata masasisho tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi zilizotumika zinazoletwa hapa zina prosesa za kabla ya kizazi cha nane cha Intel, na kwa masharti ya Microsoft haziruhusiwi kupanda kwenda Windows 11. Nimesikia wateja wakiambiwa kwamba suluhisho ni kununua antivairasi, jambo ambalo si sahihi, kwani antivairasi huwatazama wanaopita getini wakati tundu liko ukutani. Microsoft imeahidi kuendelea kuipa Defender orodha mpya za virusi hata kwenye Windows 10 hadi angalau Oktoba 2028, lakini orodha za virusi hazizibi matundu ya mfumo. Mwenye mashine kama hiyo anaweza kujiandikisha katika mpango wa masasisho ya ziada ambao kwa watu wa majumbani unafika tarehe 13 Oktoba 2026, na ambao una njia ya kuupata bila kulipa kwa aliyeingia kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe huko. Baadaye, kama kompyuta ni ya kuandikia na kuvinjari tu, kuna Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya kuendeshea kompyuta inayowekwa badala ya Windows, ambayo ni bure na huendelea kupata masasisho kwenye mashine kuukuu.

Sisemi kwamba bidhaa za kulipia ni utapeli. Nyingi ni nzuri, na zinakuja na vikorombwezo ambavyo baadhi ya watu wanavihitaji: kitunza nywila, udhibiti wa matumizi ya watoto, na mtu wa kumpigia simu mambo yanapoharibika. Ofisi ndogo yenye kompyuta kadhaa na mhasibu anayefungua viambatisho vya barua pepe kutwa nzima ina sababu ya kulipia, hasa ikipata bidhaa ambayo mtu mmoja anaweza kuzisimamia mashine zote kupitia kwayo. Swali la makala yenu lilikuwa kompyuta ya mtoto nyumbani, na huko vikorombwezo hivyo karibu vyote vinapatikana bila malipo.

Wala mtu asikimbilie kila kinachoitwa antivairasi ya bure. Mapema mwaka 2020 ilibainika kwamba Avast, iliyokuwa imesakinishwa na mamilioni ya watu, ilikuwa ikikusanya taarifa za tovuti wanazotembelea na kuziuza kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot, na Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ikaiamuru ilipe dola milioni 16.5. Programu inayokagua kila faili na kila anwani ya tovuti unayofungua inakujua kuliko jirani yako, kwa hiyo ni vyema kuwa na chache iwezekanavyo, na kamwe usiweke mbili kwa pamoja.

Upo pia mtego wa zile antivairasi za majaribio zinazokuja na kompyuta mpya. Zinapokuwa hai, Defender hukaa pembeni na kuziachia kazi. Muda wa majaribio ukiisha huanza kumtisha mtumiaji kwa ujumbe mwekundu kila anapowasha mashine, na wapo wanaokaa nazo mwaka mzima zikiwa haziongezi orodha ya virusi wala haziondoki. Asiyetaka kulipia aiondoe kabisa, aizime na kuiwasha kompyuta, kisha athibitishe kwamba Defender imerudi kazini. Ujumbe mwingine wa kutisha, unaotokea kwenye kona ya skrini ukidai kwamba kompyuta ina virusi vitano na ukitumia nembo ya antivairasi maarufu, hautoki kwenye antivairasi yoyote: ni tovuti fulani iliyopewa ruhusa ya kutuma arifa kwenye kivinjari, na dawa yake ni kufungua mipangilio ya kivinjari na kuifutia ruhusa hiyo.

Tena, mengi yanayowaibia watu fedha hapa nchini hayapiti kwenye kompyuta kabisa. Ule ujumbe wa simu wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" hauzuiwi na antivairasi. Unapelekwa namba 15040, ambayo imewekwa kwa ajili ya kupokea taarifa za utapeli wa namna hiyo. Nywila nazo huibwa zaidi siku hizi kuliko mafaili yanavyoharibiwa. Mei 2025, Microsoft na vyombo vya dola vya nchi kadhaa vilipouvunja mtandao wa kirusi kiitwacho Lumma, kinachokomba nywila zilizohifadhiwa kwenye vivinjari, ilielezwa kwamba kompyuta zaidi ya 394,000 zilikuwa zimeambukizwa katika kipindi cha miezi miwili tu, na njia zake zilikuwa zile zile za programu zilizovunjwa leseni na kurasa za kulaghai.

Kama mzazi ana fedha ambayo ameshaamua kuitumia kwa usalama wa kompyuta, anunue diski ya nje, anakili humo picha na nyaraka za familia kila baada ya muda, na akimaliza aichomoe na kuiweka kabatini, kwa sababu diski inayobaki imechomekwa hutekwa na kirusi pamoja na kompyuta. Halafu mtoto afunguliwe akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka ya kusakinisha, nywila ya akaunti kuu ibaki kwa mzazi. Hilo halina gharama na linachukua dakika chache.

Mwisho, ndugu Mhariri, naomba ukurasa wa teknolojia utakaporudi kwenye suala hili uwaonyeshe wasomaji, kwa picha ikiwezekana, namna ya kufungua Windows Security, mahali Defender inaposimamiwa, na kukagua mambo matatu: kwamba kinga ya muda wote imewashwa, kwamba tarehe ya sasisho la mwisho ni ya karibuni, na kwamba orodha ya vilivyosamehewa kukaguliwa haina kitu ambacho mwenye kompyuta hakukiweka mwenyewe. Na pale ambapo makala ya kushauri ununuzi imedhaminiwa na muuzaji wa bidhaa hiyo, msomaji aelezwe hivyo juu ya makala yenyewe.

Wako,
Fundi wa kompyuta,
Morogoro